Kununua trela dogo la kulala lililotumika: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa mara ya kwanza

Wanunuzi wengi huanzia ndani. Wanataka kujua kitanda kikoje, jiko liko wapi, mapazia yana rangi gani. Muuzaji mzoefu analijua hilo, ndiyo maana kabla ya kutangaza huwa amebadilisha foronya na kupaka rangi mpya kwenye makabati. Mwongozo huu unakwenda kinyume: tunaanza na gari lako, halafu maji ya mvua, halafu magurudumu na breki, na vya ndani tunaviacha nyuma. Friji ikifa unanunua nyingine, na betri vilevile. Ukuta uliooza ndani kwa ndani hauuzwi dukani, na mara nyingi kazi ya kuutengeneza hugharimu kuliko trela lenyewe.

Gari lako kwanza

Usifungue tangazo lolote kabla hujajua gari lako linaruhusiwa kuvuta nini. Fungua kitabu cha gari na usome pia kibati kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango. Unatafuta namba nne: uzito wa trela lenye breki linaloweza kuvutwa, uzito wa trela lisilo na breki (namba hii ni ndogo zaidi, wakati mwingine kwa mbali sana), uzito unaoruhusiwa kukalia gololi ya kuvutia (ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayoshika trela), na jumla ya watu na mizigo ambayo gari lenyewe linabeba. Ukiwa nazo zote, usivuke hata moja: itakayofikiwa kwanza ndiyo inayokuamulia.

Trela nalo lina kibati chake, kwa kawaida karibu na mlango au kwenye mkono wa mbele, yaani chuma kinachoungana na gari. Humo kuna uzito wa juu unaoruhusiwa, na mara nyingi uzito wa trela likiwa tupu. Muuzaji atakutajia ule wa tupu, na pengine hana nia mbaya, ndio anaoukumbuka. Lakini uzito huo ulipimwa kiwandani, kabla mtu hajaongeza betri ya pili, kiyoyozi juu ya paa, turubai la kivuli na mitungi ya gesi. Kisha kuna maji: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 likijaa ni kama kupakia mtu mzima. Ongeza vyombo, matandiko, chakula na viti.

Kwa hiyo piga hesabu kwa uzito wa juu. Tuseme trela lina kilo 900 likiwa tupu na mwisho wake ni kilo 1,300, na gari lako limeidhinishwa kuvuta kilo 1,200. Kwenye tangazo linaonekana linafaa. Halifai, kwa sababu siku utakayolipakia kwa safari ya wiki mbili utakuwa umevuka mpaka bila kujua. Wavutaji wazoefu wengi hujiwekea kikomo cha asilimia 80 ya uwezo wa gari, na mimi naona hiyo ni busara hasa kwa njia za milimani: injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda.

Uzito unaokalia gololi unastahili maneno yake. Marekani kanuni ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Ulaya, ambako matrela na mwendo vinapangwa tofauti, hutajwa asilimia 5 hadi 7. Fuata kiwango cha mtengenezaji wa trela na cha gari lako. Uzito huo ukiwa mdogo mno, trela huanza kupiga mkia barabarani. Ukiwa mkubwa mno, sehemu ya nyuma ya gari hulala na magurudumu ya mbele hupoteza ushikaji. Na kumbuka unahesabiwa kama mzigo wa gari: kilo 100 kwenye gololi ni kilo 100 ambazo abiria na mabegi hawatazipata.

Angalia na leseni yako. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya daraja B inakuruhusu kuvuta trela la hadi kilo 750, au zito zaidi ilmradi jumla ya uzito wa juu wa gari na trela isizidi kilo 3,500. Nchi nyingine zina taratibu zao.

Ukuta wa namna gani

Matrela madogo yamejengwa kwa njia tatu kuu, na tofauti yake ni namna kila moja inavyoshindwa.

La kwanza lina mifupa ya mbao iliyofunikwa mabati ya alumini. Likivuja, mbao huoza, lakini linaweza kufunguliwa na fundi mvumilivu akabadilisha ubao mmoja mmoja. La pili lina kuta za tabaka zilizogandishwa kwa gundi: faibaglasi nyembamba nje, povu katikati, plaiwudi ndani. Ni jepesi na linang'aa, ila maji yakiingia gundi huachia, na kurudisha tabaka zile pamoja ni kazi ngumu isiyo na hakika. La tatu ni ganda la faibaglasi nene lililoundwa vipande viwili vikaunganishwa, kama Boler za Kanada au Scamp na Casita za Marekani. Haya yana maungio machache, hivyo njia za maji ni chache, na ndiyo maana bei yake haishuki haraka.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, ganda la faibaglasi lililozeeka lakini kavu linashinda trela jipya zaidi lenye mikogo. Na kama umependa lile lenye sehemu ya ukuta inayosukumwa nje ili kuongeza nafasi, liache kwa leo. Ni mashine moja zaidi ya kuharibika, na mpira mrefu zaidi wa kupitisha maji.

Maswali ya kwenye simu

Simu ya dakika kumi itakuokolea safari nzima. Uliza trela lilikuwa likiegeshwa wapi, chini ya paa au juani na mvuani. Uliza sili za paani (ule utomvu wa kuziba maungio na matundu) ziliwekwa upya lini na nani aliyeziweka. Asiyeelewa swali hilo amekwisha kukujibu. Uliza kama karatasi ziko kwa jina lake na kama kuna mkopo ambao haujalipwa. Mwombe awashe friji usiku wa kuamkia siku ya kuja kwako, maana friji nyingi za matrela huchukua saa nyingi kupoa. Mwombe pia kuwe na gesi kwenye mtungi na maji kwenye tangi. Akisema kila kitu kinafanya kazi lakini hakuna gesi ya kuonyesha, hesabu kwamba vifaa vya gesi havifanyi kazi, na bei iwe hivyo.

Nenda mchana. Siku inayofuata mvua kubwa ni bora kuliko zote. Chukua tochi kali, ngazi, jeki, mita ya fundi umeme, kipima unyevu, pimamaji, chupa ya maji ya sabuni, na nguo ambazo hujali zikichafuka.

Maji, maji, maji

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako.

Trela linapotembea hutikisika na kujipinda kidogo kwa kila shimo, na kila mahali palipotobolewa au kuunganishwa pameshikwa na sili tu: tundu la hewa, dirisha la paani, taa, pembe. Sili hukauka, hupasuka, na tone la kwanza huingia bila mtu kuona. Kisha hutambaa juu ya mbao hadi lipate pa kutokea, kwa hiyo doa unaloliona ndani laweza kuwa mita nzima kutoka lilipo tundu.

Anza juu ya paa, ukiwa kwenye ngazi. Usipande, kwani mapaa mengi ya matrela madogo hayakujengwa kubeba mtu. Zunguka kila kilichotobolewa. Sili yenye nyufa ndogo ni kazi ya kawaida ya matunzo. Silikoni ya bafuni iliyopakwa ovyo juu ya sili ya zamani ni habari nyingine: inaonyesha mtu alikuwa akikimbizana na uvujaji, na tena ni kero, kwa kuwa sili nyingine haishiki juu yake hadi uikwangue yote.

Shuka, simama kwenye pembe ya trela, uweke jicho karibu na ukuta na kutazama kwa urefu wake kuelekea mwanga. Ukuta wa tabaka ulioachia utaonyesha mawimbi au malengelenge. Gonga kwa kifundo cha kidole kutoka eneo zuri kuelekea unaloshuku, sauti itabadilika. Kwenye alumini tafuta vitundu vidogo vyenye unga mweupe, dalili kwamba bati linaliwa na unyevu kutoka ndani. Michirizi ya kutu chini ya skrubu za pembeni nayo inasema jambo lilelile.

Mlango ukifunguliwa, nusa kabla muuzaji hajaanza kueleza. Harufu ya ukungu haifichiki vizuri, na manukato makali yaliyopuliziwa asubuhi hiyo ni jibu tosha. Kisha nenda mahali ambapo hakuna anayepaka rangi: ndani ya makabati ya juu, kwenye pembe ambapo ukuta unakutana na dari, chini ya magodoro, ndani ya masanduku ya vitanda, nyuma ya choo. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kila dirisha. Tembea sakafuni ukikanyaga kwa kisigino, hasa mlangoni na mbele ya sinki. Sakafu inayobonyea kama mkate ina plaiwudi iliyooza.

Kipima unyevu si ghali na kitakulipa siku ya kwanza. Pima kwanza sehemu ambayo haielekei kulowa, kama katikati ya ukuta mbali na dirisha, upate kipimo cha kulinganisha, maana hali ya hewa huathiri namba. Kwa kawaida chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20 kuna jambo la kufuatilia. Zaidi ya 20 maji yanaingia, na ukiona 30 mbao huenda zimeanza kuharibika. Sindano zake huacha vitundu, kwa hiyo omba ruhusa na upime ndani ya makabati.

Ukipata doa, ufanyeje? Chukulia kwamba uharibifu ni mkubwa kuliko unaouona, kila mara. Pembe moja laini kwenye trela la mifupa ya mbao inaweza kukubalika kama unapenda ufundi, una mahali pakavu pa kufanyia kazi na bei imeshuka ipasavyo. Ukuta wa mbele uliolegea, sakafu iliyooza karibu na ekseli au tabaka zilizoachia upande mzima ni sababu ya kuaga kwa heshima. Muuzaji atasema ni kazi ndogo ya wikendi moja. Ingekuwa hivyo, angeifanya yeye.

Chini ya trela

Lala chini na tochi. Kutu ya juujuu kwenye chasi ni ya kawaida. Kutu inayobanduka kama maganda si ya kawaida. Kagua viungio vya kulehemu, hasa pale mkono wa mbele unapoungana na fremu, kwa sababu hapo ndipo nguvu yote ya kuvuta inapopita. Ulehemu mpya wenye rangi mpya unahitaji maelezo.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha. Trela husimama miezi mingi, jua linapiga, mpira unakauka, huku kashata (meno ya tairi) zikiendelea kuonekana mpya. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likipita miaka sita, weka gharama ya jingine kwenye hesabu yako hata likionekana zuri, na usisahau la akiba. Tairi lililoliwa upande mmoja tu linaweza kumaanisha ekseli imepinda.

Inua gurudumu kwa jeki baada ya kuziba yale mengine yasibiringike. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, beringi zimelegea au zimechoka. Lizungushe usikilize, mkwaruzo ni beringi iliyokosa grisi. Hiyo si gharama kubwa ukiijua mapema, lakini beringi ikifia barabarani gurudumu linaweza kuchomoka.

Breki ni za namna mbili. Kuna zinazofanya kazi trela linapolisukuma gari wakati wa kupunguza mwendo, na kuna za umeme zinazohitaji kifaa cha kuziongoza ndani ya gari. Kama ni za umeme na gari lako halina kifaa hicho, kiweke kwenye gharama. Jaribu pia kebo ya dharura, ile inayofunga breki trela likichomoka. Kwenye breki za umeme ukivuta pini yake magurudumu yakwame, na yasipokwama angalia kwanza betri ya trela. Rudisha pini mara moja.

Pima na gololi. Ulaya hutumika ya milimita 50. Marekani zipo za inchi 1⅞, 2 na 2 5/16. Ile ya inchi 2 ni milimita 50.8, na tofauti hiyo ndogo hudanganya: kichwa cha trela cha inchi 2 kinaweza kukaa kwenye gololi ya milimita 50 bila kushika sawasawa. Ukubwa huwa umegongwa juu ya kichwa, usome.

Gesi, umeme na vya ndani

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo trela huwa na matundu sakafuni ya kuitoa. Hakikisha hakuna aliyeyaziba kuzuia baridi. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio huku gesi ikiwa imefunguliwa. Mapovu yakifura kuna uvujaji. Mwali wa jiko uwe wa bluu. Mipira ya gesi huandikwa tarehe, na iliyopitwa na wakati ibadilishwe pamoja na regulata. King'amuzi cha gesi na kile cha kaboni monoksidi navyo vina mwisho wa matumizi. Hivi sibishani navyo, ninanunua vipya.

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.0 imebakiwa na robo tu. Ukiunganisha umeme wa nje, chaja ipandishe kipimo hadi zaidi ya 13. Chomeka plagi ya trela kwenye gari lako mwenyewe na ujaribu kila taa, kwa sababu idadi ya pini hutofautiana.

Washa pampu ya maji, fungua bomba hadi maji yatoke bila hewa, kisha funga. Pampu inapaswa kunyamaza. Ikiwa inaguruma kidogo kila baada ya dakika chache, maji yanatoka mahali, na katika nchi za baridi kali kisa mara nyingi ni bomba lililopasuliwa na barafu.

Friji ya gesi haina kompresa, inapooza kwa kuchemsha mchanganyiko wenye amonia. Lazima trela liwe limesimama sawa, ndiyo sababu umebeba pimamaji. Fungua kijidirisha cha nje nyuma yake: unga wa njano au harufu kali ya amonia ina maana imekufa.

Tazama kinyesi cha panya na nyaya zilizotafunwa. Kisha lala kitandani kwa urefu wako wote, pamoja na mtakayelala naye. Watu huona haya kufanya hivi mbele ya muuzaji. Usione.

Karatasi na bei

Namba ya chasi ilingane katika sehemu tatu: iliyogongwa kwenye chuma, iliyo kwenye kibati, na iliyo kwenye hati ya usajili. Jina kwenye hati lilingane na kitambulisho cha anayepokea pesa. Uingereza, karavani nyingi zilizotengenezwa tangu 1992 zina namba ya CRiS (daftari la usajili wa karavani, yaani matrela ya kulala) iliyochorwa kwenye vioo, na vioo vilivyokwanguliwa ni dalili mbaya. Namba isiposomeka, usinunue hata ukipewa nusu bei.

Kwenye bei, usikashifu mali ya mtu. Andika orodha ya unachopaswa kununua kabla ya safari ya kwanza, yaani matairi, betri, mipira ya gesi, sili na grisi ya beringi, weka gharama mbele ya kila kimoja na umwonyeshe. Mazungumzo huwa mafupi zaidi hivyo.

Kulipeleka nyumbani

Mwombe muuzaji akuonyeshe kuunganisha na kutenganisha, kisha ufanye mwenyewe huku anatazama. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela. Kichwa kikishanasa, kiinue kwa jeki ya mbele: nyuma ya gari ikipanda pamoja nacho, kimeshika.

Mizigo mizito ikae chini, karibu na ekseli, na kidogo mbele yake. Pinda kona kwa upana. Kurudi nyuma, shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, nyuma ya trela huenda kulia. Trela likianza kupiga mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Kama una breki za umeme, zibane zile za trela peke yake kwa mkono. Usijaribu kulinyoosha kwa kuongeza mwendo.

Baada ya kilomita 80 hivi simama ukaze nati za magurudumu tena, na uguse vitovu vyake, yaani katikati ya kila gurudumu. Joto la kawaida si tatizo, ila kitovu kisichoshikika kina beringi mbovu au breki inayobana. Usiku wa kwanza ulale karibu na nyumbani, mahali unapoweza kurudi kuchukua ulichosahau. Wiki hiyohiyo, kabla ya mvua, panda ngazi uweke sili mpya palipopasuka, na uandike tarehe kando ya kila tundu kwa kalamu isiyofutika ili mwakani ujue pa kuanzia.